Sigara za Kielektroniki Zenye Ladha na Kijana Anayevuta Tumbaku

Kijana anayetaka kuacha sigara huweza kukutana na sigara ya kielektroniki kabla hajakutana na mshauri wa afya. Kifaa hicho hakitoi majivu wala harufu ya moshi, na mvuke wake huwa na ladha ya embe, stroberi, mnanaa au vanila. Ladha hiyo inaweza kumvuta aache moshi wa tumbaku. Ladha hiyo hiyo inaweza kumfunga kwenye nikotini. Ni muhimu mgonjwa na anayemhudumia wazielewe kazi hizo mbili.

Ladha inavyofanya kazi

Sigara ya kielektroniki haichomi tumbaku. Betri hupasha joto kimiminika chenye propileni glikoli, gliserini, viungo vya ladha na, mara nyingi, nikotini. Kwa kuwa hakuna tumbaku inayoungua, mtumiaji huepuka lami na sehemu kubwa ya sumu za moshi. Hata hivyo nikotini, ambayo ndiyo chanzo cha uraibu, haiondoki.

Nikotini peke yake ni chungu na hukwaruza koo. Utamu huficha uchungu huo, nayo mentoli huamsha vipokezi vya ubaridi hata mkwaruzo usisikike. Isitoshe, ubongo hujifunza kuihusisha ladha na nikotini, na baada ya muda ladha yenyewe huamsha hamu ya kuvuta. Ubongo huendelea kukomaa hadi umri wa takriban miaka 25, kwa hiyo mazoea ya ujanani hushika mizizi upesi.

Faida na mipaka yake

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza kwa wavutaji 886 waliotaka kuacha. Baadhi yao walipewa sigara za kielektroniki, wakiwa na uhuru wa kuchagua ladha. Wengine walipewa plasta, bazoka na dawa nyingine za nikotini. Wote walipata ushauri nasaha. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya kundi la kwanza walikuwa wameacha sigara, ikilinganishwa na asilimia 9.9 ya kundi la pili. Lakini miongoni mwa waliofaulu, asilimia 80 ya kundi la kwanza walikuwa bado wanatumia kifaa chao, ilhali asilimia 9 tu ya kundi la pili walikuwa bado wanatumia dawa zao. Moshi uliachwa, nikotini ilibaki.

Aidha, kiungo kilicho salama kuliwa si lazima kiwe salama kuvutwa. Diasetili, inayotoa ladha ya siagi, iliwahi kuhusishwa na ugonjwa wa kuziba kwa vijia vidogo vya hewa kwa wafanyakazi wa viwanda vya bisi nchini Marekani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliikuta katika ladha 39 kati ya 51 za sigara za kielektroniki walizozipima.

Hatari ya kutumia vyote viwili

Wapo vijana wanaovuta mvuke kazini na sigara jioni, wakiamini kuwa wamepunguza madhara. Moyo haupati nafuu kubwa kwa hesabu hiyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mtu anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba takriban nusu ya ongezeko la hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo alilo nalo anayevuta 20.

Kwa hiyo mhudumu wa afya asiishie kuuliza, “Unavuta sigara?” Mtumiaji wa mvuke anaweza kujibu hapana kwa moyo mweupe. Inafaa aulizwe kwa upole anatumia kifaa gani, kina nikotini kiasi gani, na kama bado anavuta sigara za kawaida, hata moja.

Anayetumia vyote viwili asaidiwe kupanga siku ya kuacha sigara kabisa. Aliyekwisha kuziacha asikatishwe tamaa wala asiharakishwe hadi akarudia moshi. Apunguze nikotini hatua kwa hatua mpaka aachane na kifaa pia. Ambaye hajawahi kuvuta hana faida yoyote ya kuipata humo, hata ladha iwe tamu kiasi gani.