Green Bay Packers: Timu Yenye Wenyewe Nusu Milioni

Green Bay ni mji wa viwanda vya karatasi na nyama kaskazini mashariki mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, wenye wakazi wapatao 107,000. Kwa udogo huo haukutarajiwa kuwa na timu katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ambayo timu zake 32 karibu zote ni za majiji makubwa. Hata hivyo Packers wamo katika ligi hiyo tangu 1921 na wametwaa ubingwa mara 13, idadi ambayo hakuna timu nyingine iliyoifikia.

Timu ilianzishwa Agosti 1919 na Curly Lambeau, kijana mchezaji, pamoja na George Calhoun, mwandishi wa habari za michezo. Lambeau alikuwa mwajiriwa wa Indian Packing Company, kampuni ya nyama za makopo, nayo ikatoa dola 500 za kununulia jezi na vifaa. Jina Packers, yaani wapakiaji, lilitoka huko. Kampuni yenyewe haikudumu.

Kufikia 1923 madeni yalikuwa yameielemea timu, na wafanyabiashara wa mji wakaigeuza kuwa shirika lisilo la faida, wakauza hisa 1,000 kwa dola 5 kila moja. Hisa ziliuzwa tena katika miaka ya 1935, 1950, 1997, 2011 na kuanzia 2021, mara hii ya mwisho kwa dola 300. Leo wanahisa ni zaidi ya 500,000. Hisa zenyewe ni za aina yake: hazina gawio, haziuziki sokoni, na hakuna anayeruhusiwa kumiliki zaidi ya 200,000. Mwanahisa hupata kura ya kuchagua bodi na cheti cha kutundika ukutani. Mwenye kutafuta faida hana lake hapo. Timu ikiuzwa, fedha zitakwenda kwenye mfuko wake wa hisani. Kwa hiyo hakuna tajiri awezaye kuinunua na kuihamishia jiji kubwa, jambo lililozikuta timu kadhaa za NFL. Kanuni za sasa za ligi haziruhusu umiliki wa namna hii. Packers waliachiwa kwa kuwa walizitangulia.

Umiliki peke yake usingetosha. Mwaka 1961 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoiwezesha ligi kuuza haki za televisheni kwa pamoja, na mapato yake hugawanywa sawa kwa sawa. Green Bay hupata kilekile wanachopata wa New York. Kwa kuwa Packers ndiyo timu pekee inayotangaza hesabu zake, inajulikana kwamba fungu la kila timu kutoka mapato ya pamoja limepita dola milioni 400 kwa mwaka. Tangu 1994 kuna pia kikomo cha jumla ya mishahara ya wachezaji, hivyo jiji tajiri haliwezi kuwakusanya nyota wote.

Uwanjani, Lambeau aliipatia timu mataji sita kati ya 1929 na 1944. Kisha ikaporomoka hadi kushinda mchezo mmoja tu kati ya 12 mwaka 1958. Mwaka uliofuata akaja kocha Vince Lombardi, mtu mkali aliyeamini mbinu chache zilizorudiwa mazoezini mpaka zikawa mazoea. Kati ya 1961 na 1967 alichukua ubingwa mara tano, zikiwemo Super Bowl mbili za kwanza, na kombe la fainali hiyo lina jina lake. Mchezo unaosimuliwa zaidi ni wa Desemba 31, 1967, dhidi ya Dallas Cowboys, katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Mitambo ya kupasha joto ardhi ilishindwa, nyasi zikaganda, na waamuzi wakaacha filimbi kwa sababu ziliganda midomoni. Zikiwa zimesalia sekunde chache, Bart Starr wa Packers alijisukuma mwenyewe na mpira kuvuka mstari, na Packers wakashinda 21 kwa 17.

Ukame wa karibu miaka 30 ulifuata. Uliisha msimu wa 1996, Brett Favre akiwa kwotabeki, mchezaji anayeanzisha mashambulizi na kurusha mpira. Aaron Rodgers alileta taji la 2010. Wawili hao walishika nafasi hiyo kwa takriban miaka 30, bahati ambayo timu nyingi huisikia tu. Jordan Love alirithi mwaka 2023 baada ya kungoja benchi misimu mitatu.

Mwaka 2025 uongozi ulicheza kamari isiyo ya kawaida kwao: walimchukua Micah Parsons, mlinzi hodari wa Dallas, kwa kutoa mchezaji mmoja na haki zao za kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza ya 2026 na 2027. Desemba aliumia goti, na Januari timu ikatolewa na mahasimu wake wa jadi, Chicago Bears, 31 kwa 27. Msimu wa 2026 basi unategemea sana goti hilo. Michezo ni 17: sita dhidi ya Bears, Detroit Lions na Minnesota Vikings, nyumbani na ugenini, minne na kundi la Kusini la NFC, nusu ya ligi waliyomo Packers, minne na kundi la Mashariki la AFC, nusu ya pili, na mitatu iliyobaki hupangwa kwa nafasi ya msimu uliopita. Uwanja wa Lambeau Field huchukua watu 81,441. Tiketi zake za msimu huisha kila mwaka tangu 1960, na orodha ya wanaozingoja ina majina zaidi ya 100,000.