Joto la kaskazi linakuja: uoshe AC, ujaze gesi au ununue mpya?

Ikifika Novemba, simu za mafundi wa AC jijini Dar es Salaam huanza kuita mfululizo. Malalamiko ni yale yale: inapuliza lakini haipozi, njoo ujaze gesi. Fundi anakuja na mtungi na geji, anajaza, analipwa, anaondoka. Mwaka unaofuata anaitwa tena kwa jambo lile lile, na mwenye nyumba anaamini kwamba hayo ndiyo matunzo.

Ukweli ni kwamba mwenye nyumba ana njia tatu za kujiandaa na joto la Desemba hadi Machi. Anaweza kuisafisha AC aliyonayo, kuitengeneza, au kuitupa na kununua mpya. Hapa tunazilinganisha kwa kuangalia kinachotoka mfukoni, hasa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa sababu bei ya AC unailipa mara moja lakini umeme unaulipia kila mwezi.

Uniti yako ni shilingi ngapi?

Chukua risiti ya LUKU. Ondoa kodi ya jengo kama imekatwa, kisha gawanya fedha iliyobaki kwa uniti ulizopewa. Kwa mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, bei iliyopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, mwaka 2016 ni sh 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na asilimia 1 ya EWURA yenyewe, unafika sh 356 hivi. Ndiyo maana elfu kumi huleta uniti 28 tu.

Aliye kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, analipa sh 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na sh 350 kwa kila inayozidi, kabla ya kodi. AC moja ya chumbani inaweza kummalizia uniti hizo 75 kabla mwezi haujafika katikati.

Hesabu ya usiku mmoja hadi mwezi

Tuchukue chumba cha mita nne kwa nne, AC ya BTU 12,000 inayowashwa kwa muda wa saa nane kila usiku kwa siku 30, na uniti ya sh 356. AC ya kawaida ya ukubwa huo hula kama kilowati 1.1 wakati kompresa inafanya kazi. Makadirio yanakuja hivi:

- Pangaboi la wati 70: uniti 17, kama sh 6,000.
- AC ya inveta (ambayo kompresa yake hubadili kasi badala ya kuwaka na kuzima) iliyo safi, ikila uniti 4 kwa usiku: uniti 120, kama sh 43,000.
- AC ya kawaida iliyo safi, kompresa ikifanya kazi asilimia 70 ya muda: uniti 185, kama sh 66,000.
- AC ya kawaida iliyo chafu, kompresa haipumziki usiku kucha: uniti 264, kama sh 94,000.

Tazama mistari mitatu ya mwisho. Kutoka AC safi ya kawaida kwenda inveta unaokoa sh 23,000 kwa mwezi. Kutoka AC chafu kwenda AC hiyo hiyo ikiwa safi unaokoa sh 28,000. Uchafu peke yake unaweza kukugharimu kuliko teknolojia ya zamani unayoilaumu.

Usafi: kazi yako na kazi ya fundi

Zima AC kwenye swichi ya ukutani, fungua kifuniko cha mbele, chomoa vyujio vya wavu. Kiinue kimoja ukielekeze kwenye taa. Kama mwanga haupenyi, hewa nayo haipenyi, na hapo kompresa inahangaika bure. Vioshe kwa maji na sabuni kidogo, vianike kivulini, virudishe vikishakauka. Msimu wa joto, fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Gharama yake haipo.

Nyuma ya vyujio kuna mapezi membamba ya aluminiamu, na chini yake feni ndefu ya mviringo ambayo hushika ukungu mweusi. Harufu ya unyevu unayoisikia ukiwasha AC inatoka huko, na huko si pa kuchokonoa kwa kisu wala mswaki mgumu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye pampu ya maji na mfuko wa plastiki wa kukinga ukuta. Mwambie pia azibue mpira wa kutolea maji. Ukiziba, maji hurudi ndani na kuchuruzika ukutani.

Usisahau sehemu ya nje. Masaki, Mbezi Beach au Kigamboni, chumvi ya bahari hula mapezi hadi yakabomoka kama biskuti. Yasuuze kwa maji baridi yasiyo na presha kali, na usiizibe sehemu hiyo kwa ndoo, maturubai au makabati.

Ukimaliza, ipime. Iache AC ifanye kazi kwa dakika 15, weka kipimajoto pale hewa inapoingia, kisha pale inapotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ina maana mashine ni nzima. Ikiwa chini ya hapo na kila kitu ni safi, ndipo uanze kuulizia gesi.

Gesi haiishi

Gesi ya AC haichomwi, si ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mashine isiyovuja haihitaji kuongezwa gesi maisha yake yote. Kwa hiyo fundi akisema imepungua, swali linalofuata ni moja: inavujia wapi?

Mara nyingi ni kwenye nati zinazounganisha mabomba ya shaba, ndani au nje. Utaona doa la mafuta lililoshika vumbi. Fundi akipaka povu la sabuni, viputo vinatokea hapo hapo. Kuikaza nati au kuutengeneza upya mdomo wa bomba ni kazi ndogo. Kujaza bila kuziba ni kununua gesi ya kupuliza angani.

Angalia pia aina ya gesi, imeandikwa kwenye kibandiko cha sehemu ya nje pamoja na uzito wake. R22 ni ya mashine za zamani. Chini ya Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuwa zimepunguza matumizi ya kundi lake kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kuyamaliza mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Aliye na AC ya R22 inayovuja kwenye mapezi asiitupie fedha nyingi. R410A na R32 ndizo za mashine za sasa, ingawa nazo zimo katika ratiba ya kupunguzwa iliyokubaliwa Kigali, Rwanda, mwaka 2016. R32 inaweza kushika moto, hivyo usikubali ijazwe kwenye mashine iliyotengenezewa gesi nyingine.

Fundi wa kweli huja na mizani ya kupimia gesi na pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba. Anayejaza kwa kugusa bomba na kusema "imeshapoa" anabahatisha kwa fedha yako. Na kabla hujakubali kwamba kompresa imekufa, mwombe apime kapasita. Ni kipuri kidogo na cha bei nafuu, na kikifa kompresa hunguruma tu bila kuwaka.

Nani anunue inveta?

Tuseme dukani inveta inaizidi AC ya kawaida kwa sh 350,000. Kwa akiba ya sh 23,000 kwa mwezi, anayewasha kila usiku mwaka mzima anairudisha ndani ya miezi 15 au 16. Anayewasha miezi minne ya kaskazi tu atangoja karibu miaka minne. Weka bei ulizopewa wewe kwenye hesabu hiyo kabla hujatoa fedha.

Usinunue ukubwa wa kujionyesha. Kadiria BTU 600 hadi 700 kwa kila mita ya mraba, uongeze kidogo kama juu ni bati tupu bila dari. Chumba cha mita 16 za mraba kinatoshwa na BTU 12,000. Kubwa mno hupoza haraka ikazima kabla haijaondoa unyevu, ukabaki na chumba baridi chenye jasho.

Soma dhamana. Mara nyingi kompresa hupewa miaka mingi, lakini bodi ya umeme mwaka mmoja tu, na bodi ndiyo inayoungua umeme ukipanda na kushuka. Kifaa cha kukinga volteji kinachochelewesha kuwaka kwa dakika chache ni sehemu ya bei ya inveta. Kwa walio Mombasa, kanuni za Kenya za mwaka 2016 zinataka kiyoyozi kiwe na lebo ya nyota. Zihesabu kabla ya kuuliza bei.

Rimoti nayo ni mita

Kushusha hadi 16 hakupozi chumba haraka zaidi. Kunaifanya kompresa isipumzike. India iliagiza viyoyozi vipya vyenye lebo ya nyota vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa 24 kuanzia Januari 2020, na mamlaka yao ya nishati inakadiria kila nyuzi moja unayopandisha inaokoa takriban asilimia 6. Weka 25 au 26, washa pangaboi kwa mwendo wa taratibu, funga pazia upande wa jua la jioni, ziba upenyo chini ya mlango.

Hukumu yetu

Mwenye AC nzima aanze na usafi, mapema, kabla mafundi hawajazidiwa na kazi. Mwenye AC inayovuja alipie kuziba kwanza, gesi baadaye. Mwenye R22 iliyochakaa anayelala na AC mwaka mzima, huyo anunue inveta. Na anayeona joto likimsumbua wiki chache tu, pangaboi la sh 6,000 kwa mwezi bado ndiyo dili bora mjini.