Hadithi Isiyokwisha Usiku Mmoja

Leo twataka kuwaeleza habari za mchezo usiohitaji umeme, wala uwanja, wala fedha nyingi. Wataka meza, daftari, dadu ya ludo, na mtu mmoja ajuaye kusimulia. Na hapo ndipo penye shida, maana mara nyingi mtu huyo ndiye mwenye kazi nyingi kuliko wote nyumbani.

Hadithi zetu za jioni mwazijua. Bibi husimulia, watoto huitikia, na Sungura humshinda Fisi siku zote. Lakini katika mchezo huu kila mtoto hujichagulia mtu wake ndani ya hadithi. Huyu ni mwindaji, yule ni mbeba ngao, na yule mdogo ajua miti yote ya dawa. Msimulizi asema: "Mmefika mtoni, daraja limechukuliwa na maji. Mwafanyaje?" Jibu hana. Watoto hushauriana, kisha dadu huamua. Tuseme kuvuka salama kwataka nne au zaidi: basi nyuso tatu za dadu zakuvusha, na tatu zakutia majini. Kesho yake au wiki ijayo hadithi huanza pale ilipoachwa, nayo yaweza kudumu mwaka mzima.

Waliouandika kwanza na kuuza vitabu vyake ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974. Waliuita Dungeons & Dragons, yaani magereza ya chini ya ardhi na majoka. Ulikuwa kisanduku chenye vijitabu vitatu, na chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu. Wala usidhani Gygax alikuwa bwana mwenye nafasi. Alikuwa amepoteza kazi yake ya bima mwaka 1970, akawa anatengeneza viatu nyumbani kwake katika mji mdogo wa Lake Geneva, huku ana watoto watano wa kulisha. Wachezaji wake wa kwanza walikuwa wawili kati ya watoto hao.

Huenda mama mmoja atauliza: majoka na wachawi, je, si mambo ya giza hayo? Huko Marekani, miaka ya 1980, wazazi wengi waliuliza vivyo hivyo, na ghasia ilikuwa kubwa. Mimi naona zimwi la hadithi halijapata kumdhuru mtoto aliyekaa karibu na mama yake. Kumbuka pia kwamba wachezaji wa kwanza waliokota mengi katika vitabu vya J.R.R. Tolkien, Mkatoliki, mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford. Kitabu chake cha The Hobbit, kilichotoka mwaka 1937, kilianza kama hadithi kwa watoto wake mwenyewe. Ila msimulizi ni wewe, na kisichofaa nyumbani mwako usikitie.

Sasa tuje kwetu, Olasiti. Nani ana nafasi hapa? Baba ni dereva wa watalii: kuanzia Juni hata Oktoba huenda akalala Serengeti na Ngorongoro juma zima, akarudi amejaa vumbi, akaoga, akaondoka tena. Mama ana duka, kuku, na mahindi ya kuvuna katika miezi hiyo hiyo. Mchezo unaotaka watu wote wakae saa nne kila Jumamosi utakufa kabla ya mwezi kwisha. Na ukifa hivyo una madhara yake. Mtoto aliyeambiwa "Jumamosi tutaendelea", akalala mara tatu bila kuendelea, mara ya nne hataulizia tena.

Kwa hiyo ahidi kidogo. Saa moja baada ya chakula, mara moja kwa juma, yatosha. Katika miezi ya masika, Machi hata Mei, watalii wakipungua na barabara zikiwa tope, chezeni zaidi. Kila jioni iwe na jambo moja linalokwisha: mto umevukwa, ng'ombe wamepatikana, mlinda mlango amedanganywa. Hivyo hata mkikosa majuma mawili, hakuna aliyeachwa ananing'inia juu ya shimo.

Usijisumbue kubuni nchi mpya. Mlima Meru huo hapo, na kreta ya Ngurdoto i ng'ambo yake, ambako wageni hutazama kutoka ukingoni wala hawaruhusiwi kushuka chini. Zimwi gani lingetaka makao bora kuliko hayo? Waliotayarisha kupita kiasi ndio wachokao upesi. Andika mambo matatu tu kabla ya kuanza: mahali, mtu mwenye shida, na kizuizi. Mengine watoto watakuletea wenyewe, tena mazuri kuliko yako. Daftari la kumbukumbu mpe mtoto mkubwa aliandike. Utapumzika wewe, na mwandiko wake utanyooka.

Baba asipokuwapo, mtu wake asiuawe wala asichezwe na mwingine. Mtume mahali: amekwenda kuuza mbuzi, atarudi. Jioni simu ikishika huko porini, mtoto amwulize, "Baba, wewe umefika wapi?" Naye ajibu kwa maneno mawili kwamba amekuta nyayo kubwa kando ya ziwa. Mara kwa mara bibi naye apewe kiti cha msimulizi, na baba akirudi aingie kama mchezaji tu, bila kazi ya kuongoza. Wengi watashangaa jinsi bibi alivyo mkali juu ya mazimwi.

Dadu ikipotea, maana hupotea, kata vipande sita vya karatasi, uviandike moja hata sita, uvitie katika kopo la chai. Kila mtu achukue bila kutazama, kisha akirudishe.