Maradhi ya Kutanuka kwa Mshipa Mkuu wa Damu Tumboni

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanafahamishwa kuwa yapo maradhi ya mshipa wa damu yanayokua tumboni kwa miaka mingi bila ya dalili, na ambayo mara nyingi hujulikana pale tu mshipa unapopasuka.

Aota ni mshipa mkuu unaochukua damu kutoka kwenye moyo. Unapopita tumboni huwa na upana wa kiasi cha sentimita 2. Ukuta wake ukidhoofika, hutoa nundu kama mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa. Upana ukifikia sentimita 3, huhesabiwa kuwa ni maradhi. Wanaopatwa zaidi ni wanaume wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, hasa waliopata kuvuta sigara, wenye shinikizo la damu, na wale ambao mzazi au ndugu yao aliugua maradhi hayo.

Daktari akipapasa tumbo huweza kuhisi mdundo, lakini mkono peke yake hautoshi. Kipimo cha kutegemewa ni ultrasaundi, ambacho hakiumizi, hakitumii mionzi na huchukua dakika chache. Nchini Uingereza wanaume huitwa kupimwa katika mwaka wanaotimiza miaka 65.

Matibabu hutegemea upana. Kwa kawaida mshipa usiofikia sentimita 5.5 kwa mwanamume, au 5 kwa mwanamke, haufanyiwi upasuaji iwapo hauumi wala haukui kwa haraka. Mgonjwa hupimwa kila baada ya muda, hutakiwa kuacha sigara, na hutibiwa shinikizo la damu. Ukizidi hapo, tumbo hufunguliwa na kutiwa mshipa wa bandia; Charles Dubost alifanya kazi ya namna hiyo mjini Paris mwaka 1951, ila yeye alitumia mshipa uliotolewa kwa maiti. Au mshipa huo hupitishwa kwa ndani kutokea kwenye kinena, njia aliyoitumia Juan Parodi mjini Buenos Aires mwaka 1990.

Maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, pamoja na jasho la baridi, kizunguzungu au kuzimia, huenda yakawa ni dalili za kupasuka. Yasidhaniwe kuwa ni mawe ya figo na mgonjwa akapewa dawa ya maumivu nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja, kwani wengi hufariki kabla ya kufika.

Wenye hali zilizotajwa wanashauriwa kumuona daktari mapema. Mkaazi wa kisiwani huenda akalazimika kuvuka bahari ili apate upasuaji. Mshipa uliopimwa mapema humpa muda wa kuipanga safari hiyo.