Vitshumbi: Kampuni za simu zikigawana masafa, mvuvi atapata nini?

Samaki wa Ziwa Edouard hawangoji mtandao. Mnunuzi aliye Vitshumbi, wilayani Rutshuru, anahitaji kujua bei ya Goma kabla ya kupakia mzigo, na pesa ifike kwa simu kabla samaki hawajaharibika. Ndiyo maana sehemu nyingi za Kongo watu hutembea na kadi mbili au tatu za simu: mtandao mmoja ukikatika, wanajaribu mwingine.

Shida ni gharama. Kijiji cha wavuvi kina wateja wachache, umeme hakuna, barabara ni mbaya. Kampuni moja ikijenga mnara peke yake, inachelewa kurudisha pesa yake. Wakati huohuo masafa, njia za hewani ambazo kampuni hulipia serikali, hujaa mjini Goma lakini vijijini hukaa bure.

Kuna njia kadhaa za kushirikiana. Ya kwanza, kampuni hukodi nafasi kwenye mnara wa mwingine, kila moja na mashine zake. Helios Towers inafanya biashara hiyo nchini tangu 2011. Ya pili, zinatumia mashine zilezile, lakini kila moja na masafa yake. Ya tatu, zinaunganisha hata masafa, na intaneti inaongezeka kasi bila mnara mpya. Ya nne, kampuni moja inajenga, nyingine inailipa kila mteja wake anapopiga simu hapo.

Mwaka 2025, Orange na Vodacom zilitangaza mpango wa kujenga pamoja hadi minara 2,000 vijijini nchini Kongo kwa miaka sita, ikitumia nguvu za jua, kwa mitandao ya 2G na 4G.

Lakini kugawana kuna hatari yake. Vitshumbi ilichukuliwa na M23 mwezi wa tatu 2024. Katika eneo la vita, fundi hafiki kila siku. Mnara mmoja wa wote ukizimika, kadi tatu mfukoni hazina faida tena. Tena, kampuni zenye gharama moja zinaweza kuacha kushindana kwa bei.

Hapo ndipo kazi ya ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, inapoonekana: ruhusa ya kugawana iambatane na sharti la kutengeneza mnara haraka na kupunguza bei. Bila hayo, faida itabaki kwa kampuni, na mvuvi ataendelea kuuza bila kujua bei.