Fahamu: Faili la .desktop kwenye Linux ni nini?

Ni faili dogo la maandishi linaloiambia menyu programu iitweje, ionyeshwe kwa ikoni gani na ifunguliwe kwa amri ipi. GNOME, KDE na Xfce zote hulisoma, kwa kuwa zinafuata kanuni za freedesktop.org.

Linahitajika lini?

Programu uliyoipakua nje ya hazina rasmi, mfano AppImage, mara nyingi haijitokezi kwenye menyu; hapo ndipo unaliandika mwenyewe.

Linaandikwaje?

Kwa mfano, kwa programu iitwayo Kamusi, lihifadhi kama kamusi.desktop ndani ya ~/.local/share/applications:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Kamusi
Exec=/home/asha/programu/kamusi.AppImage
Icon=/home/asha/picha/kamusi.png

Andika njia kamili ya faili: alama ya ~ haitafsiriwi kwenye Exec wala Icon, na hapo ndipo wengi hukwama. AppImage yenyewe lazima iwe na ruhusa ya kuendeshwa.

Kwa watumiaji wote wa kompyuta, liweke /usr/local/share/applications. Utahitaji ruhusa za msimamizi.