Ukimpa dalali nyumba yako, usimwachie na bei

WATU wengi huuza nyumba mara moja tu katika maisha yao, lakini dalali anayewauzia hufanya kazi hiyo kila wiki. Huyu wa kwanza ni mgeni wa shughuli hiyo na huyu wa pili ni mwenyeji. Ndiyo maana mara nyingi mwenye nyumba hubaki akijiuliza, miezi kadhaa baada ya fedha kwisha, kama kweli nyumba yake iliuzwa kwa bei ile aliyoambiwa.

Hapa Katwe, wilayani Kasese, swali hilo lina uzito wake. Mji wetu umebanwa kati ya Ziwa Edward, ziwa dogo la chumvi na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Hauna pa kupanukia. Ukitoka nje kidogo unakutana na nyati, na usiku viboko hupita barabarani. Kwa hiyo mtu anayekuja kununua nyumba hapa, hata ikiwa ya mabati yaliyokula kutu, anafuata ardhi iliyo chini yake. Dalali analijua hilo. Mwenye nyumba, aliyezoea kuyatazama mabati yake yenye kutu, pengine hajui.

Wanaouza nao wana sababu zao. Yupo mvuvi aliyeachana na ziwa, yupo mzee anayetaka kuwafuata wanawe Kasese mjini, na ipo familia yenye mgonjwa hospitalini Kampala. Aidha kuna suala la majira. Chumvi hupatikana vizuri wakati wa kiangazi. Mvua zikinyesha mfululizo viwanja vya chumvi huharibika, na mifuko ya watu nayo hukauka. Ni katika miezi hiyo ya mvua ambapo dalali hupita nyumba kwa nyumba akiuliza kwa upole, "Mzee, ile nyumba ya nyuma bado mnaihitaji?" Mwenye shida hukubali bei ambayo wakati wa kiangazi angeikataa.

Dalali ni nani?

Kampala humwita kayungirizi, na vijana wetu humwita broka. Mimi niliyesoma uhamishoni Tanzania nilizoea kumwita dalali, neno ambalo Waswahili wamelitumia tangu zamani kwa mtu anayemtafutia mwenzake mnunuzi. Nchini Kenya ipo sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi ya mwaka 1984, pamoja na bodi ya kuwasajili, hivyo muuzaji aweza kumwomba wakala amwonyeshe cheti chake. Kwetu huku, mtu yeyote mwenye simu na anayewafahamu watu wawili watatu aweza kuanza kazi leo jioni.

Hata hivyo, tusiwaonee. Dalali mzuri anafanya kazi. Anatembea juani na wateja kumi ili apatikane mmoja. Analipa nauli ya kwenda Kasese na Bwera, anapokea simu usiku, na anawatuliza watu wawili wasioaminiana mpaka wakakaa meza moja. Kazi hiyo ina ujira wake, na ni haki yake kulipwa.

Tatizo liko kwenye kile kinachoitwa "cha juu". Dalali anakuuliza unataka kiasi gani. Unamwambia shilingi milioni 20. Anakwenda kwa mnunuzi na kumwambia milioni 27. Wewe unapata 20 zako, na juu ya hapo unamlipa kamisheni na kumshukuru, huku yeye akiondoka na milioni saba ambazo hukuziona. Mara nyingine madalali huwa watatu, kila mmoja akimfahamu mwenzake tu, na kila mmoja akipandisha bei kidogo. Mnunuzi analipa bei ya watu watatu, nawe unapokea ya mtu mmoja.

Ili mchezo huo ufaulu, sharti liwe moja: muuzaji na mnunuzi wasikutane, au wakikutana wasizungumzie bei. Msomaji akilishika hilo peke yake, ameshika karibu yote niliyonayo ya kusema.

"Bei tutajaza baadaye"

Sisi walimu huitwa mara kwa mara kuandika mikataba ya mauziano kijijini. Kuna siku niliitwa nyumbani kwa mama mmoja ambaye alinunua nyumba yake miaka mingi iliyopita kwa fedha za chumvi. Alikuwa akiiuza ili amtibu mjukuu wake. Walikuwapo mnunuzi, dalali na majirani wawili. Nilipofika kwenye kiasi cha fedha, dalali aliniambia, "Mwalimu, hapo acha wazi, bei tutajaza baadaye."

Nikamjibu kwamba mkataba usio na bei si mkataba. Kisha nikamgeukia mnunuzi: "Ndugu yangu, wewe unatoa kiasi gani?" Akamtazama dalali kwanza, halafu akasema milioni 26. Yule mama alikuwa ameahidiwa milioni 19.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa hizo saba ni za nani?"

Mnunuzi naye alishangaa. Alikuwa ameambiwa kwamba mama ni mkali, hapendi kuonana na wageni, na kwamba akiguswa kuhusu bei ataghairi. Tuliandika milioni 26. Dalali alilipwa asilimia 5, yaani shilingi 1,300,000, akatia sahihi kwamba amepokea. Mama alibaki na 24,700,000. Tofauti kati ya hizo na 19 alizoahidiwa ni matibabu ya mtoto, na pengine chumba cha kuishi bibi mwenyewe. Dalali huyo bado yuko mjini na tunasalimiana vizuri.

Kabla ya kumwita

Kazi ya kwanza ya muuzaji ni kujua bei bila ya kumtegemea anayetaka kuuza. Waulize watu watatu waliouza au kununua karibu nawe hivi karibuni. Waulize wanunuzi hasa, kwa kuwa wao ndio wanaojua walitoa kiasi gani. Kwa nyumba yenye thamani kubwa, mthamini aliyesajiliwa ni gharama inayojilipa yenyewe.

Kazi ya pili ni karatasi. Katiba ya mwaka 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi, na sehemu kubwa ya ardhi za vijijini wilayani kwetu ni ya kimila. Kama unayo hati miliki, itazame kwanza jina lililomo. Kama huna, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaruhusu kuomba cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo lako. Kama nyumba ni ya marehemu, pateni kwanza mahakamani barua za usimamizi wa mirathi. Nyumba yenye karatasi safi huuzwa kwa bei nzuri, kwa sababu dalali hapati kasoro ya kuishushia.

Kazi ya tatu ni kukaa na mwenzi wako. Sheria hiyo ya ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inakataza kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mume au mke. Mauzo yaliyofanywa kwa siri hayana nguvu. Dalali anayekuambia, "Mzee, wanawake tuwaambie mwishoni," anakutafutia kesi.

Pia usifiche kasoro. Watu wa Kilembe na Kasese hawajasahau jinsi Mto Nyamwamba ulivyofurika mwezi Mei mwaka 2013, na tena Mei 2020, ukabomoa makazi. Mnunuzi wa siku hizi huuliza maji hufika wapi. Mweleze mwenyewe kwa kinywa chako. Ukimwachia dalali aseme uongo kwa niaba yako, siku ya lawama mlango utakaogongwa ni wako.

Yaandikeni

Wengi wetu humkabidhi dalali kazi kwa maneno ya barazani. Kumbe Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wowote unaozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi, na pointi moja ni shilingi 20,000. Maana yake ni kwamba jambo lolote la zaidi ya shilingi 500,000 liandikwe. Kamisheni ya nyumba, hata ya Katwe, hupita hapo kwa urahisi.

Karatasi hiyo haihitaji kuwa ndefu. Iseme nyumba ni ipi. Iseme bei ya chini ambayo muuzaji atakubali, na kwamba bei yoyote ya juu zaidi ni mali ya muuzaji. Itaje kamisheni kwa asilimia: kwa nyumba ya milioni 30, asilimia 5 ni milioni moja na nusu, na asilimia 10 ni milioni tatu, hivyo tofauti hiyo ijadiliwe mapema. Iseme dalali atalipwa lini, nayo iwe baada ya muuzaji kupokea fedha zote. Iwekwe tarehe ya mwisho, tuseme miezi mitatu, ili nyumba isibaki mikononi mwa mtu asiyefanya kazi.

Kwa upande mwingine, iandikwe pia kwamba mnunuzi aliyeletwa na dalali ni wa dalali. Wapo wauzaji wanaomzunguka. Wakishaonyeshwa mteja, humpigia simu usiku wamalizane wenyewe ili wasilipe kamisheni. Huo ni wizi kama wizi mwingine, na ndio unaowafundisha madalali kuficha wanunuzi.

Kwa wazee wasiojua kusoma ipo kinga ambayo haizungumzwi sana. Sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma na kuandika inamtaka anayemwandikia mtu wa namna hiyo waraka aandike humo jina lake kamili na anwani yake, kama ushahidi kwamba alitumwa na mwenyewe na kwamba alimsomea na kumweleza. Mwandishi asiyetaka kuweka jina lake, mzee asiweke dole gumba.

Ng'ambo ya mpaka

Huko Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, wanunuzi wengine hutoka Kongo wakiwa na dola mkononi. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu, na biashara baina yao ni ya siku zote. Lakini sheria haitazami undugu. Asiye raia wa Uganda anaweza kupata ardhi kwa kukodishiwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hawezi kuinunua moja kwa moja.

Madalali wengine huleta suluhisho la haraka: mnunuzi analipa, na jina linaloandikwa ni la Mganda aliyeazimwa. Muuzaji asikubali. Siku mwenye jina na mwenye fedha watakapogombana, wewe utaitwa shahidi wa jambo ulilojua kuwa si la kweli. Mwenye mnunuzi wa aina hiyo amwone wakili kabla ya kupokea hata arubuni.

Siku ya malipo

Fedha zisipitie kwa dalali. Mnunuzi amlipe muuzaji, ikiwezekana benki mjini Kasese, na muuzaji amlipe dalali hapo hapo, mbele ya mashahidi. Hati halisi usimpe dalali azungushe nayo mjini, mpe nakala. Ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 kwa ardhi yenye hati hulipwa na mnunuzi, kwa hiyo usikatwe wewe. Funguo zitolewe baada ya fedha ya mwisho kuhesabiwa.

Mwenyekiti wa LC1 awepo, kwani anawajua majirani na mipaka. Hata hivyo hakuna sheria inayompa asilimia 10 ya bei ya nyumba yako. Ukipenda kumshukuru kwa muda wake, hiyo ni hiari yako.

Neno la mwisho ni kwa walio mbali, wanaofanya kazi Kampala au Uarabuni na kuuza nyumba kwa simu. Sisi tuliokulia uhamishoni tunajua nyumba isiyo na mwenyewe karibu inavyoweza kuhama mikono. Wapo miongoni mwetu waliorudi wakakuta nyumba ya mzazi ina mtu mwingine, naye ana karatasi yenye mihuri yote. Usimpe dalali mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba yako. Panda basi uje. Kama haiwezekani, mtume ndugu unayemwamini, na kabla hajatia sahihi omba uzungumze na mnunuzi kwa simu. Umwulize swali moja tu: "Unatoa kiasi gani?"

Akisita, ahirisha mauzo.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wilayani Kasese.